Kukagua pampu ya pawa stelingi ya mtumba kabla ya kulipa: mwongozo kamili

Kwenye meza ya spea, pampu inayong'aa ndiyo inayonunuliwa upesi, na ndiyo ninayoiogopa zaidi. Pampu iliyotoka kwenye gari lililokuwa likitembea huwa na vumbi kavu mwilini, alama ya mkanda kwenye puli (kigurudumu kinachozungushwa na mkanda) na oili kidogo iliyobaki tumboni. Ikishaoshwa kwa petroli na kupuliziwa rangi ya fedha, ushahidi wote huo umefutika. Hujui ilikuwa inavujia wapi, wala oili yake ilikuwa na hali gani siku ilipofunguliwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakufundisha kuisoma pampu kwa mkono na kwa oili, macho yakifuata nyuma.

Ninazungumzia pampu za vibati, zile zinazozungushwa na mkanda au gia ya injini. Ndizo zilizofungwa kwenye Toyota, Nissan, Subaru na Honda nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, na ndizo zinazojaa kwenye maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam na Kirinyaga Road jijini Nairobi, zikiwa zimetoka Japani moja kwa moja au zimepitia Falme za Kiarabu. Gari kama Prius halina pampu hii kabisa, maana usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme. Mazda Axela ya toleo la kwanza ina pampu ya oili inayoendeshwa na mota yake yenyewe, na ukaguzi wake ni mwingine.

Kwanza hakikisha mgonjwa ni pampu

Pampu nyingi nzuri hutupwa kwa kosa la kitu kingine. Kabla hujaenda dukani, pitia haya ukiwa bado na gari lako.

Usukani ukiwa mzito upande mmoja tu, kushoto ukawa mwepesi na kulia mgumu, iache pampu. Pampu inasukuma oili tu, haijui unakata wapi. Tatizo hapo liko kwenye boksi ya stelingi, ile inayopokea oili ya pampu na kugeuza matairi.

Ukiwa mzito pande zote, angalia upepo wa matairi ya mbele, kisha mkanda. Mkanda uliolegea au kuchakaa hupiga kelele kali ya mlio mwembamba ukikata usukani ghafla, hasa asubuhi au baada ya mvua, na kelele hiyo hukoma ukinyoosha.

Kuna mlio mwingine, mzito, wa kuunguruma, unaopanda na kushuka kadiri unavyokanyaga mafuta. Huo ni wa pampu kweli, lakini mara nyingi pampu inalalamika tu kwamba inakunywa hewa badala ya oili. Fungua kifuniko cha chupa ya oili injini ikiwa inaunguruma. Ukiona povu, hewa inaingia mahali fulani upande wa kunyonya. Honda na Subaru zina ugonjwa huu unaojulikana na mafundi wengi: oringi ndogo, yaani pete ya mpira ya kuzibia, pale bomba la kunyonya linapoingia kwenye pampu hukauka, ikawa ngumu, ikaruhusu hewa ipite bila hata tone la oili kuvuja nje. Oringi hiyo ni ya bei ndogo mno, na watu wamenunua pampu nzima kwa sababu yake.

Chujio lililo chini ya chupa ya oili nalo likiziba kwa uchafu, pampu inanyonya kwa shida na kulia vilevile.

Dalili ninayoiamini kuliko zote kwamba pampu yenyewe imechoka ni hii: asubuhi oili ikiwa baridi usukani ni mwepesi, lakini baada ya kuzunguka foleni za mji na oili kupata moto unakuwa mzito wakati injini iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, ukikanyaga mafuta kidogo unalegea tena. Oili ya moto ni nyepesi, inapenya kwenye mikwaruzo ya ndani badala ya kwenda kwenye boksi. Hapo sasa nenda kanunue pampu.

Ndani kuna nini

Ukiijua picha ya ndani, kila unachogusa nje kitakuwa na maana. Shafti inazungusha rota yenye mifereji, kwa kawaida kumi, na kila mfereji una kibati chembamba cha chuma kinachoteleza kutoka na kuingia. Rota inazunguka ndani ya pete yenye umbo la yai. Vibati vinapotupwa nje na mzunguko vinaigusa pete hiyo na kuifagia oili kutoka tundu la kuingilia hadi tundu la kutokea. Karibu na tundu la kutokea kuna valvu yenye springi. Kazi yake ni kupunguza mtiririko injini ikienda kasi na kuachia presha inapozidi. Mbele, nyuma ya puli, kuna sili inayozuia oili isifuate shafti kutoka nje.

Basi vinavyokufa ni vitano: beringi au bushi ya shafti, sili ya mbele, nyuso za pete na vibati, valvu, na mwili wenyewe kwa kupasuka au kuharibika nyuzi za kukazia bolti.

Vitu vya kwenda navyo dukani

Nenda na pampu yako ya zamani, hata kama imekufa. Bila hiyo utabishana na muuzaji kwa kumbukumbu. Beba pia ile bolti yenye tundu inayoshika bomba la presha la gari lako, kitambaa cheupe au tishu, tochi, sumaku ndogo, bomba la sindano la duka la dawa, na chupa ndogo yenye oili safi ya aina inayotakiwa na gari lako. Andika msimbo wa injini kutoka kwenye bati la gari. "Ya Noah" haitoshi. Noah ya injini ya petroli ya 3S na Noah ya dizeli hazitumii pampu moja.

Ukaguzi mezani, hatua kwa hatua

*Hatua ya 1: linganisha.* Weka pampu mbili ubavu kwa ubavu. Hesabu mifereji ya puli, pima kipenyo chake, tazama masikio ya kufungia na uelekeo wa matundu. Angalia kama yako ina swichi ya presha yenye waya mmoja au ile valvu ya hewa yenye mipira miwili myembamba iliyoko kwenye Toyota nyingi za zamani, ambayo kazi yake ni kupandisha sailensa unapokata usukani. Puli yenye kipenyo tofauti itakupa usukani mzito au mwepesi kupita kiasi hata kama pampu ni nzima.

*Hatua ya 2: usiifute bado.* Itazame ilivyo. Vumbi kavu ni zuri. Tope la oili na vumbi lililogandamana nyuma ya puli linasema sili ya mbele ilikuwa inavuja. Hilo halinifanyi niiache pampu, kwa kuwa sili inabadilishwa, ila bei ishuke. Tope kwenye maungio ya nyuma ni habari mbaya zaidi. Gasketi ya silikoni iliyochuruzika pembeni ya kifuniko ina maana mtu ameshaifungua, kwa sababu kiwandani pampu hizi hufungwa kwa oringi. Unga mweupe kwenye alumini ni chumvi, ama ya barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji huko Japani, ama ya hewa ya bahari kwa spea iliyokaa nje. Unga wa juu juu hauna neno, lakini ukikuta umechimba vishimo ndani ya tundu la oringi, oringi mpya haitaziba hapo.

*Hatua ya 3: tafuta nyundo.* Puli nyingi zimeingizwa kwa kubanwa na hutolewa kwa kifaa chake. Fundi asiye nacho hupiga nyundo, na pigo hilo linakwenda moja kwa moja kwenye beringi na rota. Mulika ncha ya shafti kwa tochi: imetanuka kama uyoga? Ukingo wa puli umebonyea? Zungusha puli ukiwa umeshika ncha ya kalamu karibu na ukingo wake. Ikiyumba, nafasi kati ya kalamu na puli itafunguka na kufunga, na puli ya namna hiyo itakula mkanda wako.

Kwa injini za dizeli za Toyota kama 1KZ na 1HZ, ambako pampu inaendeshwa na gia, badala ya puli kagua meno. Yawe na mng'ao sawa pande zote, bila kipande kilichomeguka wala ukingo uliochongoka.

*Hatua ya 4: mkono kwenye shafti.* Hapa usiwe na haraka. Kwanza jaribu kuyumbisha puli juu na chini, kushoto na kulia. Mchezo unaousikia waziwazi mkononi ni bushi au beringi iliyoliwa, na pampu hiyo itapasua kila sili utakayoweka. Toyota inaruhusu nafasi isiyozidi milimita 0.07 kati ya shafti na bushi kwenye pampu zake nyingi, kiasi ambacho mkono hauwezi kukihisi. Kwa hiyo ukikisikia, kimeshapita mbali. Mchezo mdogo sana wa mbele na nyuma unaweza kuwa wa kawaida. Linganisha na pampu nyingine ya aina ileile pale dukani.

Kisha zungusha polepole duara zima, mara kadhaa. Unatafuta ulaini wenye uzito mdogo unaolingana kote. Utasikia vimlio vidogo vya tik-tik, hasa kama pampu imekauka: hivyo ni vibati vinadondoka kwenye mifereji yake, usiogope. Cha kuogopa ni mkwaruzo wa mchanga, au sehemu moja ya duara inayokaza halafu inaachia, kila mara palepale. Mkwaruzo ni beringi. Kukaza palepale ni shafti iliyopinda au kutu ndani ya pete.

Muuzaji atakwambia, "Bosi, imekaza kwa sababu imekaa, ukiitia oili inalegea." Inawezekana kweli. Mjibu kwa heshima, "Sawa kaka, tuitie sasa hivi," kisha toa chupa yako. Pampu iliyokauka tu italegea ndani ya dakika chache za kuzungusha na oili. Yenye kutu haitalegea, au italegea na kutoa oili ya rangi ya matofali.

*Hatua ya 5: oili iliyobaki.* Inamisha pampu juu ya kitambaa cheupe, tundu la kunyonya likiangalia chini, na uzungushe puli. Ikigoma, vuta kwa bomba la sindano. Sasa tandaza tone kwa kidole gumba na uligeuze kwenye jua. Nyekundu au ya hudhurungi iliyo angavu ni njema. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inaonyesha ilipikwa, na mpira wa ndani umeshakuwa mgumu. Yenye rangi ya maziwa ina maji. Ukiona chembe zinazometa, sogeza sumaku chini ya kitambaa: zinazofuata sumaku ni chuma, yaani vibati, pete au beringi, zisizofuata na zenye rangi ya dhahabu iliyofifia ni bushi, za fedha zisizofuata ni alumini ya mwili. Mimi nikiona chembe zinazometa sinunui, hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu chembe hizo zitasafiri hadi kwenye boksi ya stelingi, na boksi ndiyo spea ya gharama kuliko pampu.

Ikiwa haina hata tone, uliza ilioshwa lini na kwa nini. Pampu iliyokuja na vifuniko vya plastiki kwenye matundu, au na vipande vya mipira vilivyokatwa vikiwa bado vimeshikwa na klipu zake, ina thamani zaidi machoni pangu kuliko iliyopakwa rangi. Bora kuliko zote ni ile ambayo bado imefungwa kwenye injini nzima au kwenye kipande cha mbele cha gari kilichokatwa Japani, na inafunguliwa ukiwa umesimama pale.

*Hatua ya 6: nyuzi na masikio.* Ingiza bolti yako ya bomba la presha kwa vidole, bila spana. Iingie yote hadi mwisho. Ikikwama katikati, mtu aliwahi kuilazimisha, na nyuzi za alumini zikishakatika, presha ya pampu itamalizia kazi. Uso ambapo washa ya shaba (pete bapa ya kuzibia chini ya bolti) inakaa uwe bapa bila mkwaruzo unaopita kutoka ndani kwenda nje. Mulika masikio ya kufungia, hasa kwenye mzizi, kutafuta ufa.

*Hatua ya 7: ile valvu ya hewa.* Kama pampu yako ya Toyota inayo, nyonya au puliza kidogo kwenye kimojawapo cha vijitundu vyake kwa mpira msafi. Kukuta oili mle ni kasoro kubwa: injini itakuwa inainyonya oili ya stelingi, itoe moshi mweupe mzito kwenye ekzosi, na fundi aanze kukufungulia injini bure. Valvu inaweza kuhamishwa kutoka pampu yako ya zamani kama yako ni nzima.

*Hatua ya 8: jaribio la kusukuma.* Jaza oili tundu la kunyonya, zungusha kwa kasi kadiri mkono unavyoweza kuelekea upande ambao injini yako huzungusha. Oili itoke kwa mapigo kwenye tundu la presha. Isipotoka usihukumu mara moja, kwani kwa mwendo wa mkono vibati huenda visitupwe nje vya kutosha. Wengine huzungusha kwa drili, na hilo ni jaribio zuri zaidi, kwa sharti moja: usithubutu kuziba tundu la presha kwa kidole drili ikizunguka. Oili yenye presha inaweza kupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama linaonekana ni kitobo tu.

Ukiruhusiwa kuifungua

Ni nadra dukani, lakini ukishainunua na kuifikisha gereji, ifungue kabla ya kuifunga kwenye gari. Kazi ya saa moja hapa inakuokoa mara ya pili ya kushusha na kupandisha.

Pitisha ukucha kwenye uso wa ndani wa pete. Mawimbi madogo yanayokwaruza ukucha ni alama ya pampu iliyofanya kazi na hewa au bila oili ya kutosha. Sahani za pembeni ziwe na alama za duara za mng'ao tu, zisiwe na mifereji. Kila kibati kiteleze chenyewe kwenye mfereji wake. Kikomo cha Toyota kwa ulegevu huo ni kama milimita 0.03, hivyo ukiona kibati kinacheza kwa macho, rota imekwisha. Kumbuka upande wa kurudishia: ncha ya mviringo inaangalia nje, kwenye pete. Nimeona pampu nzima ikihukumiwa kuwa mbovu kwa vibati vilivyogeuzwa tu.

Valvu ya mtiririko ipake oili na uiachie ndani ya tundu lake: ishuke kwa uzito wake, bila kusukumwa. Ikikwama, isafishe. Ukiona imechubuka, achana nayo, usiipige msasa.

Halafu badilisha sili ya mbele na oringi zote, hata kama zinaonekana nzima. Mpira uliokaa bila oili safarini na kwenye rafu huwa mgumu, na ukipata moto unaanza kuvuja. Kabla ya kuweka sili mpya, pitisha ukucha kwenye shafti pale mdomo wa sili unapokaa. Mfereji unaonasa ukucha utaimaliza sili mpya upesi.

Maneno ya kukubaliana kabla ya kutoa pesa

Spea ya mtumba haina mwenyewe ikishatoka mlangoni, isipokuwa mmeandikiana. Omba risiti yenye msimbo wa injini, na sentensi moja: itarudishwa au kubadilishwa ndani ya siku mlizokubaliana ikionekana mbovu baada ya kufungwa. Mwombe muuzaji aweke alama yake ya rangi kwenye mwili na wewe weka yako, ili asiseme umemletea nyingine. Wauzaji wengi makini wanalikubali hili bila shida. Anayekataa hata siku moja ya majaribio anaijua pampu yake.

Kuifunga na kuipima kwenye gari

Toa oili ya zamani yote. Nyanyua matairi ya mbele kwa jeki na ustendi, chomoa mpira unaorudisha oili kwenye chupa, uelekeze kwenye chupa, kata usukani mwisho hadi mwisho huku ukiongeza oili safi hadi itoke safi. Osha au badilisha chujio la chupa. Toyota nyingi za umri huu zinatumia ATF (oili ya gia za otomatiki) ya aina ya Dexron. Honda inataka oili yake ya stelingi, na ATF inaharibu sili zake. Magari mengi ya Ulaya yanataka oili ya kijani ya haidroli. Soma kifuniko cha chupa.

Weka washa mpya za shaba. Jaza oili, injini ikiwa imezimwa kata usukani polepole pande zote mara nyingi, ongeza oili, ndipo uwashe. Kukimbilia kuwasha pampu kavu kunaweza kuiharibu palepale. Endelea kukata polepole kwenye sailensa hadi povu liishe. Pima kiwango cha oili injini ikiwaka, zima, pima tena: kisipande zaidi ya milimita 5 na oili isiwe na povu wala weupe. Ikipanda zaidi, hewa bado imo.

Kama gereji ina geji ya presha yenye valvu, ifunge kati ya pampu na bomba la presha, pasha oili hadi nyuzijoto 75 hadi 80, kisha funga valvu injini ikiwa sailensa. Toyota nyingi ndogo zinataka isipungue takriban baa 60 hadi 80 kutegemea modeli. Usiifunge zaidi ya sekunde 10. Ukiwa umefungua valvu yote na usukani umenyooka, tofauti ya presha kati ya mizunguko 1,000 na 3,000 kwa dakika isizidi takriban baa 5; ikizidi, valvu ya mtiririko inakwama. Mwisho kata usukani hadi mwisho valvu ikiwa wazi. Presha ikiwa nzuri ulipofunga valvu lakini ikashindwa kufika hapo kwenye mwisho wa usukani, pampu uliyonunua ni nzima na boksi yako inavujisha ndani.

Mlio wa kufoka pale usukani unapofika mwisho ni wa kawaida, ni valvu inaachia presha. Usiushikilie hapo zaidi ya sekunde chache. Baada ya siku mbili tatu za kutembea, mulika tena nyuma ya puli na kwenye washa za bomba, ongeza oili kama imeshuka, na ukaze mkanda, hasa ukiwa umeweka mpya, maana mpya hulegea kidogo mwanzoni. Fanya hivyo kabla siku za makubaliano na muuzaji hazijaisha.